Daftari la Vipimo vya Wifi

Mimi na wifi yangu tuna duka la kushona. Mimi nakata, yeye anashona. Watu hushangaa wakisikia kwamba dada wa mume na mke wamekaa chumba kimoja miaka kumi na moja, kila mtu na mkasi wake, na hakuna aliyetoka damu. Siri yetu ni kwamba tunatukanana kwa utani kutwa nzima, kwa hiyo likija la kweli linapita humo humo bila mtu kuliona.

Siku mambo yalipoanza, wifi alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, mwalimu mmoja wa sekondari, akimwekea pindo la gauni. Ana tabia ya kushika pini kwa midomo, saba nane kwa mpigo, na bado anaongea. Asubuhi ile zilimdondoka. Zote. Zikamwagika juu ya miguu ya mwalimu, na mwalimu akaruka kando na gauni lake lililofungwa nusu.

"Wifi, umesinzia?" nikamuuliza.

"Mdomo umekataa," akasema, akacheka. Ndipo nilipoona. Kicheko kilikuja upande mmoja tu. Upande wa kushoto ulibaki umelala, shavu limelegea, jicho limekodoa halifungi.

Nilimpigia simu mdogo wangu, yaani mume wake. Yeye ni fundi umeme. Siku hiyo alikuwa juu ya ngazi kwenye jengo la watu. Alifika akiwa bado na mkanda wa vifaa kiunoni, bisibisi zinagongana, tukaenda wote watatu kwenye hospitali ya karibu. Daktari wa pale alimwambia wifi afumbe macho, apulize mashavu, aonyeshe meno. Akasema neva ya uso imevimba, hutokea kwa watu wengi na wengi hupona. Akampa vidonge vidogo vyeupe vya siku kumi vya kushusha uvimbe.

Na kweli alipona. Siku ya nane jicho lilifunga. Siku ya kumi na mbili alikuwa ananisema mdomo mzima. Tukasahau.

Wiki tatu baadaye upande wa kulia ukalala.

"Nasawazisha," wifi alisema mbele ya kioo cha kujaribia nguo, akijishika shavu. "Mshono wa kushoto na wa kulia lazima ulingane."

Mdogo wangu hakucheka. Vidonge vile vile vyeupe, siku kumi nyingine, uso ukarudi. Lakini safari hii, vidonge vilipoisha, yakaja mengine. Kwanza kichwa, maumivu yasiyosikia dawa. Halafu kiu. Nisikilize vizuri, sisemi kiu ya jua kali. Nasema mtu anamaliza jagi la maji kabla ya saa nne asubuhi, anakimbilia chooni, anarudi anaanza jagi la pili. Halafu siku moja nikamwona anasukuma uzi hewani, kidole kimoja kando ya tundu la sindano.

"Kuna sindano mbili," akaniambia. "Kila nikitunga, natunga kwenye ile ambayo haipo."

Kila tulipokwenda hospitali tulikutana na daktari mwingine, na kila daktari aliuliza swali moja: ilianza lini? Hapo ugomvi ulizuka. Wifi anasema Alhamisi, mumewe anasema hapana, Jumapili, siku ile tulipotoka kwa mama. Mimi nakumbuka kwa wateja: ilikuwa siku ya suti ya kijivu. Daktari anatutazama kama watu waliokuja kucheza. Nikaona hii ni aibu. Nikaanza kuandika.

Niliandika kwenye daftari la vipimo, kwa sababu ndilo lililo wazi mezani muda wote. Yaliyokwisha kupita nayo niliyajaza, nikiyakumbuka kwa nguo za wateja wa siku zile. Shati la bluu: kifua arobaini na mbili, mkono ishirini na nne. Chini yake: leo wifi anaona vitu viwili tangu asubuhi. Sketi ya yule mama wa benki: kiuno thelathini na nne. Chini yake: sikio la kushoto linavuma, anasema kama mashine ya overloki inayozungushwa bila kitambaa. Niliandika na dawa alizopewa, na siku alizoanza na kumaliza. Niliandika hata upuuzi wetu, kwa sababu mkono ukishazoea kuandika hauchagui.

Mwezi wa tano wa ugonjwa wakampiga picha ya kifua. Tezi za ndani zilikuwa zimevimba pande zote mbili. Daktari akasema huenda ni kifua kikuu, tena kimepanda hadi kichwani. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini alisema ugonjwa huo hujificha, na kusubiri ni hatari. Simlaumu. Ndio ugonjwa anaouona kila siku, na laiti ungekuwa wenyewe angekuwa ameokoa maisha ya mtu. Wifi akaanza dawa. Miezi minne hakukosa hata siku moja. Mdogo wangu alisimama mbele yake kila asubuhi na kikombe cha maji mpaka ameze.

Haikusaidia. Alikonda mpaka nikapunguza magauni yake mara mbili bila kumwambia. Alianza kutembea ameshika ukuta. Sikio la kushoto likazima kabisa. Siku nyingine alikuja dukani akakaa tu kwenye kiti chake mbele ya mashine, miguu juu ya pedali haiendi popote, akipanga vifungo kwa kupapasa ukubwa wake. Wateja wakiuliza, nawaambia ana likizo. Wanamtazama aliye likizo amekaa pale pale, wanaondoka.

Mchana mmoja akaniita. "Wifi."

"Nini?"

"Nikiondoka, mashine yangu usimpe mtu mwenye mguu mzito."

Nilimtupia futi ya kupimia usoni. Nilimwambia akirudia maneno hayo nitaiuza kwa fundi viatu ashonee kandambili. Halafu nikaenda nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nikasimama humo kama mteja, nikalia.

Ndipo tukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa, safari ya saa tano. Kwenye foleni ya kliniki ya neva, mzee mmoja mwenye fimbo alituuliza tunamwona nani. Tulipomwonyesha karatasi akatikisa kichwa.

"Aa, Daktari Sijui! Mtakaa humo ndani mpaka mkome. Lakini kaeni."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya viatu. Chumba chake kilikuwa na taa ndefu iliyokuwa ikipepesa na kuvuma. Alimpima wifi saa nzima. Alimgonga magoti kwa nyundo ya mpira, akamwekea chuma kinachovuma kwenye paji la uso, akamfanya atembee kisigino kwa kidole kama mtu anayepima kiwanja. Alimwangalia ndani ya macho kwa taa ndogo, kwa muda mrefu sana. Kisha akakaa.

"Ni nini, Daktari?" mdogo wangu akauliza.

"Sijui."

Nilimwona mdogo wangu akivimba shingo. "Tumesafiri saa tano kuja kuambiwa sijui?"

"Ndiyo," akajibu, wala hakuonekana kuudhika. "Leo sijui. Nikikudanganya kwamba najua, nitaacha kutafuta. Mwache mkeo hapa. Kesho nitajua kidogo zaidi ya leo."

Basi akalazwa. Mimi nikafunga duka, nikabandika karatasi mlangoni, nikahamia kwenye benchi la wodi. Walimtoa maji ya uti wa mgongo. Tulikuwa tumeogopa sana jambo hilo, kumbe alilala kiubavu amejikunja, nesi amemshika mabega, na likaisha kabla sijamaliza kumwomba Mungu. Walimwingiza kwenye mashine ya sumaku inayopiga kelele. Alitoka humo akasema sikio lake zima sasa linaomba kuwa kiziwi kama mwenzake.

Siku ya nne daktari akaja na karatasi tupu, akavuta kiti, akachora maboksi matatu.

"Utando unaofunika ubongo kwa chini umevimba," akasema. "Neva za uso, za macho, za sikio, zote zinapita hapo, ndiyo maana zinashikwa moja baada ya nyingine. Kiu nayo inatoka hapo, kwa sababu kuna sehemu ndogo chini ya ubongo inayosimamia maji ya mwili. Kinachovimbisha ni kimoja kati ya hivi vitatu." Akaandika kwenye boksi la kwanza: kifua kikuu. La pili: saratani. La tatu akaacha wazi. "Hili la tatu ni ugonjwa ambao mwili unajifanyia wenyewe. Matibabu ya kimoja yanaweza kuharibu kingine. Siwezi kubahatisha. Lazima niione nyama yenyewe."

"Nyama ipi?" wifi akauliza.

"Hapo ndipo nilipokwama. Ya kwenye ubongo sitaki kuigusa. Ya kifuani inahitaji mrija wa kuingia kwenye mapafu, na wetu uko kwa mafundi. Labda wiki sita." Akamtazama wifi. "Na macho yako sitaki yasubiri wiki sita."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anamenya chungwa, tukawa tunasikia hata ganda likichanika.

"Tuanze upya," daktari akasema. "Kila kitu. Siku ya kwanza ilikuwa lini?"

Mdogo wangu akafungua mdomo, wifi akafungua wake, nikajua tunakwenda wapi. Nikatoa daftari kwenye mfuko.

"Samahani, Daktari, ni daftari la kazi. Utakuta na viuno vya watu."

Alivaa miwani, akaanza kusoma. Mwanzoni alisoma kwa macho tu, baadaye kwa sauti ndogo, kama anajisomea. "Kifua arobaini na mbili... anaona vitu viwili. Suruali ya mchungaji, urefu arobaini... vidonge vyeupe vimeanza. Siku ya nane, jicho linafunga." Akageuza kurasa. Akarudi nyuma, akaweka kidole. Akaenda mbele, akaweka kidole kingine.

"Mmeona hii?" akatuuliza. "Kila akipewa vidonge vyeupe anapata nafuu. Kila vikiisha, baada ya wiki tatu hivi anaanguka. Mara mbili. Kwenye faili lake jambo hili halipo kabisa, limetawanyika kwa madaktari wanne."

Aliendelea. Halafu akasimama kwenye mstari mmoja, akausoma kwa sauti kubwa: "'Kovu la pasi limefufuka. Limekuwa jekundu na limevimba kama kaungua jana. Nimemwambia labda linataka pasi nyingine.'" Akainua kichwa. "Hii ni nini?"

Nilitamani sakafu inimeze. "Ni utani tu, Daktari. Tunataniana sana."

"Kovu liko wapi?"

Wifi akapandisha mkono wa gauni. Lilikuwa juu kidogo ya kiwiko, upande wa ndani, ncha ya pasi imejichora pale tangu akiwa mwanafunzi wa ushonaji, miaka kumi na tano nyuma. Miaka yote lilikuwa alama bapa, jeupe jeupe, hata mimi nilishalisahau. Sasa lilikuwa limeinuka, rangi ya zambarau, linang'aa. Madaktari wote walimpima mkono ule kwa mapigo na damu, lakini mkono wa gauni haukupanda hata siku moja kupita kiwiko. Hata daktari huyu alikuwa amepima nguvu za mikono juu ya nguo.

Alilishika kwa kidole, taratibu, akaliminya. Alivua miwani. Akavaa tena.

"Linauma?"

"Haliumi. Ndiyo maana sikusema."

"Lilianza kuvimba lini?"

Sisi watatu tukatazama daftari. Ilikuwa wiki ile ile ya jagi la maji.

"Makovu ya zamani hayaamki hivi hivi," Daktari Sijui akasema. Alisimama, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana haraka. "Nesi! Niitie mtu wa upasuaji mdogo. Nyama niliyokuwa naitafuta kichwani na kifuani imekaa hapa mkononi inanisubiri. Na mimi nilimpima huyu mama saa nzima nisimvue gauni. Nisameheni."

Kukata kipande chenyewe hakukuzidi dakika ishirini. Daktari wa upasuaji alikuwa mpya kazini, mikono imara lakini jasho puani. Wifi alikuwa ameganzishwa, kwa hiyo alikaa anamtazama akishona.

"Hapo umevuta sana," akamwambia. "Kitambaa kitajikunja."

"Mama, ni ngozi hii."

"Ngozi, kitambaa, mshono ni mshono. Legeza kidogo. Ee, hivyo. Sasa fundo lako pitisha mara mbili."

Yule daktari akapitisha mara mbili. Mpaka leo mstari huo ni mwembamba kuliko pindo zangu zote, na wifi anajisifu kwamba ulikuwa kazi ya wawili.

Tulisubiri siku sita. Alasiri ya siku ya sita Daktari Sijui alikuja mwenyewe, hakumtuma mtu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo manesi hawaruhusu mtu kulifanya, akafunua ile karatasi ya maboksi. Kwenye boksi la tatu akaandika neno moja refu: sakoidosisi.

"Sasa najua," akasema.

Mdogo wangu alikaa sakafuni. Hakuanguka, alikaa tu, kama mtu aliyeambiwa sasa pumzika.

Daktari akatueleza kwa maneno ya kawaida. Mwili una askari wake wa kupambana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hujikusanya vikundi vikundi na kujenga kambi mahali pasipo na adui: kwenye mapafu, kwenye tezi, kwenye ngozi, na kwa watu wachache, kwenye ubongo na neva. Makovu ya zamani ni sehemu wanayoipenda. Kambi zenyewe ndizo zilizoonekana kwenye kipande cha kovu, na maabara walitafuta vijidudu vya kifua kikuu ndani yake kwa kila rangi ya kuvionyesha waliyonayo, hawakupata hata kimoja. Saratani pia hakuna.

"Na hao askari nani amewaita?" wifi akauliza.

"Sijui," akajibu, na wote tukapasuka kicheko, mpaka mwenye chungwa wa kitanda cha jirani. Daktari naye akacheka. "Kweli sijui. Hakuna anayejua. Lakini namna ya kuwatawanya naijua."

Alisema maabara bado wanaotesha kipande kingine, waone kama vijidudu vitakua, ili kuhakikisha kifua kikuu hakipo, na hilo huchukua wiki nyingi, kwa hiyo dawa za kifua kikuu zisiachwe kwanza. Lakini macho hayawezi kusubiri. Kesho yake asubuhi wakaanza dripu ya dawa ile ile iliyokuwa kwenye vidonge vyeupe, ila kwa nguvu mara nyingi zaidi, siku tatu mfululizo.

Siku ya tatu nilikuwa nakunja shuka zake. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wifi! Uko mmoja!"

"Kwani nilikuwa wangapi?"

"Wawili. Na wote mlikuwa na mdomo."

Nilimkumbatia na dripu yake, nesi akanifokea.

Nisije nikasema uongo kwamba yote yalirudi kama zamani. Vidonge vya miezi iliyofuata vilimpa uso wa mviringo, na njaa isiyo na adabu. Alikula mkate wangu, wa mumewe, na siku moja chapati ambayo mteja alikuwa ameisahau kwenye mfuko wa koti. Alikuwa mkali pia. Alimwambia mteja mmoja kwamba tatizo si gauni, tatizo ni tumbo. Ilibidi nimpunguzie mteja yule bei na kumwomba radhi kwa niaba ya dawa. Maabara ilipomaliza kuotesha na kukuta hakuna kitu, dawa za kifua kikuu zikaachwa. Baadaye daktari akaongeza dawa nyingine ya mara moja kwa wiki, ili ile kali ipungue kidogo kidogo bila ugonjwa kurudi. Kiu imebaki, ila inatulizwa na dawa ya matone ya puani. Sikio la kushoto halikurudi. Daktari alituambia wazi kwamba ugonjwa huu unaweza kuinua kichwa tena, na kila miezi mitatu lazima aonwe. Tunakwenda. Hatujawahi kukosa.

Mdogo wangu alikuwa na deni la heshima kwa yule daktari, tangu siku ile ya kuvimba shingo. Hakujua kuomba msamaha kwa maneno. Wanaume wa kwetu nyumbani hilo limewapita. Mara ya kwanza tuliporudi kliniki alikuja na ngazi. Alipanda, akaifungua ile taa inayopepesa, akabadilisha kilichokuwa kimekufa ndani, akafuta na vumbi. Chumba kikatulia. Daktari akatazama juu, akasema, "Miaka mitatu naomba mtu aje." Yakaishia hapo, na wote wawili wakaridhika.

Lakini wifi alikuwa na lake. Siku hiyo hiyo, alipomaliza kupimwa, hakuinuka.

"Daktari, yule aliyeona ni nani?"

"Aliyeona nini?"

"Kipande changu. Wewe ulisoma karatasi. Lakini kuna mtu aliyekitazama."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ni mwenzangu wa maabara. Yuko chini kabisa, mwisho wa korido. Anapokea vipande vya hospitali nzima."

"Nataka kumshukuru."

"Wagonjwa huwa hawaendi kule, mama."

"Basi nitakuwa wa kwanza."

Tulishuka ngazi, daktari mbele. Korido ya chini ilikuwa na harufu ya dawa ya kuhifadhia, kali, inayoingia mpaka machoni. Mlango ulifunguliwa na bwana mrefu mwembamba mwenye mvi, aproni ya plastiki kifuani. Alipoona watu watatu wasio na sare alifikiri tumepotea.

"Mapokezi ni juu," akasema kwa upole.

"Huyu ni wa kovu," Daktari Sijui akamwambia. "La pasi."

Yule bwana akasimama. Alimtazama wifi mkononi kwanza, kama mtu anayemtambua rafiki kwa nguo, kisha usoni. "Kovu la pasi," akarudia. "Nililikata vipande arobaini na vinne. Huyu mwenzangu alikuwa anashuka kila siku, amesimama pale mlangoni, anasema, angalia tena." Akasita. "Unaona sasa? Macho?"

"Naona," wifi akajibu. "Nimekuja kukuambia asante. Niko hai, na naona."

Bwana yule alivua glavu, akanawa mikono, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Baadaye akatuambia ana miaka ishirini na sita ndani ya chumba kile, na anawajua maelfu ya watu kwa namba za chupa. Kama walipona au walizikwa, huwa haambiwi.

"Ungependa kukiona?" akamuuliza.

Akatoa kioo chembamba kutoka kwenye droo, akakiweka chini ya hadubini, akamsogezea wifi kiti. Wifi akainama, akaweka macho yake mawili pale, akanyamaza. Hakuwahi kunyamaza muda mrefu vile tangu aolewe kwetu. Niliingiwa na hofu labda anaona vibaya tena.

"Wifi?"

"Ni waridi," akasema polepole. "Waridi na zambarau, na maduara maduara, yamepangwa kama maua ya kitenge. Haya ndiyo yaliyotaka kuniua?" Akainua kichwa. "Rangi zenyewe zimekubaliana. Ningepata kitambaa hiki ningekishona gauni la mikono mirefu."

Yule bwana alicheka, kicheko cha mtu asiyekizoea, kikamtoka kwa vipande. Kisha akaenda kwenye mlango wa chumba cha pili, ambako wenzake walikuwa wameinamia chupa na vibandiko vyao, akaufungua wote.

"Acheni kazi kidogo," akawaita. "Njooni hapa. Leo hatujaletewa kipande. Tumeletewa mtu mzima."

Wakatoka mmoja mmoja, wanne, wanavua glavu, na wifi akasimama akawapa wote mkono.